Likizo ya Lazima

Mtu akitaka kujua kwa nini wafanyakazi wa hoteli za pwani ya Kenya walitia sahihi barua za likizo bila malipo mwezi Machi 2020, tena kwa foleni na kimya, asianzie kwenye korona. Aanzie kwenye masika.

Tangu miaka ya 1970, ndege za kukodi zilipoanza kumwaga wageni wa Ulaya hapa kwetu, hoteli kuanzia Diani hadi Malindi zimeishi kwa kufuata baridi ya kwao. Desemba hadi Machi vyumba hujaa. Mvua ikianza Aprili, kusi ikivuma na mwani ukijaa ufukweni, hoteli hunywea. Nyingine hufunga kabisa, zipakwe rangi na kutengenezwa paa. Basi hapo ndipo likizo hutolewa. Sheria inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka, lakini katika miaka yote niliyofanya kazi ya dobi, mara chache nilimwona mtu akichagua mwenyewe tarehe zake. Fomu ilikuja imeshaandikwa, kutoka tarehe fulani hadi fulani, na kazi yako ilikuwa kuweka sahihi. Walioajiriwa wa kudumu walikwenda nyumbani na mshahara wao. Watu wa msimu walikwenda bila kitu, wakaambiwa Julai waje waangalie ubao.

Dobi hujua hali ya hoteli kabla ya mhasibu. Shuka zikishuka zimejaa mikokoteni mitatu asubuhi, kuna wageni. Ukiona mkokoteni mmoja na taulo za bwawani tu, jitayarishe. Nimehesabu shuka za Agosti 1997, baada ya vurugu za Likoni, wageni walipohama kwa mabasi na hoteli zikabaki na paka. Nimezihesabu baada ya bomu la Kikambala la Novemba 2002, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na tena Mei 2014, Waingereza walipopewa onyo na serikali yao wakarudishwa kwa ndege kabla ya siku zao kwisha. Kila mara dawa ilikuwa ileile: watu wakatumwa likizo. Kwanza siku walizo nazo, kisha siku za mwaka unaofuata, kisha likizo isiyo na mshahara. Kwa hiyo ugonjwa ulipofika, utaratibu ulikuwa umeshazoewa, na fomu zilikuwa kwenye droo.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko hoteli. Kwetu nalijua kupitia kwa wazee wawili, babu na baba, na wote wawili walifanya kazi za kubeba.

Babu alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya kwanza. Katika vita hivyo hapa Afrika Mashariki, wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na malaria, si risasi. Mishahara ya wengi waliokufa, ambao jamaa zao hawakupatikana, serikali haikuilipa. Waliorudi walirudi mwaka ambao homa kubwa ya dunia ilishuka melini Mombasa. Ilikuwa Septemba 1918. Kutoka bandarini ilipanda reli kwenda bara pamoja na abiria, na kutoka mjini ilivuka kwa madau na kwa miguu hadi vijijini. Babu alisimulia kwamba aliikuta kijijini, akazika watu kabla hajapumzisha mabega.

Mfanyakazi aliyeugua mwaka ule alikuwa na haki gani? Kusema kweli, alikuwa na hatari zaidi kuliko haki. Sheria ya mabwana na watumishi ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mtu wa shambani aliyejikokota kwenda kwao akauguzwe na mamake angeweza kuandikwa kuwa ametoroka. Baada ya vita kikaja kipande, lile karatasi ndani ya kikopo cha bati lililovaliwa shingoni, lenye alama za vidole na jina la tajiri. Tajiri asipolitia sahihi kwamba amekuachia, hupati kazi kwingine. Na huko bara kulikuwa na mkataba wa tiketi: ufanye siku 30 za kazi ndani ya siku 42. Siku uliyofanya huwekwa alama. Siku uliyolala na homa haiwekwi, wala hailipwi, na tiketi yako inakungoja papo hapo. Hizo siku 12 za ziada ndizo zilizokuwa likizo, ruhusa ya ugonjwa, msiba na Jumapili, zote kwa pamoja.

Baba alikuwa kuli bandarini Kilindini. Vijana wa leo wanaona makreni wakadhani meli zimeshushwa hivyo siku zote. Enzi za baba gunia la kahawa lilipanda mgongoni. Kuli alikuwa mtu wa siku: alfajiri mnakusanyika, serangi, msimamizi wenu, anachagua, jioni unapokea. Wenye meli walipenda utaratibu huo kwa sababu meli zikikosekana hawana mtu wa kulisha, na makuli wengine nao waliupenda, kwa sababu mtu aliweza kufanya siku chache kisha akarudi shambani kwake Kwale au Kilifi. Baba hakuusifu. Alisema kuli akiumwa, serangi haoni kwamba yuko mgonjwa. Anaona tu kwamba hayupo, na nyuma yake kuna kumi.

Makuli waligoma mwaka 1939, tume ikaundwa. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma, watu wapatao 15,000: bandari, reli, hoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana kila siku Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo Chege Kibachia alipoibuka kuwa kiongozi wao kabla ya kukamatwa Agosti mwaka uleule na kuwekwa kizuizini Baringo kwa miaka. Baba alikuwa kijana. Alikumbuka zaidi chakula kuliko hotuba, jinsi watu walivyogawana mihogo, na kwamba vinyozi walikataa kumnyoa mtu aliyekwenda kazini. Madai ya mgomo yalikuwa mshahara na nyumba. Ila ukiwasikiliza wazee wenyewe, neno lililorudiwa ni kwamba mtu wa mwezi ana kesho na mtu wa siku hana.

Katika miaka ya 1950 bandari ikaanza kuwageuza vibarua wa siku kuwa watu walioandikishwa, kisha watu wa mwezi. Serikali iliogopa mgomo mwingine, na kuli anayejulikana kwa jina na nambari ni rahisi kumsimamia. Chama cha wafanyakazi wa bandari kiliandikishwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata kukawa na mgomo mwingine na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kupatanisha. Baba aliandikishwa. Alipata kadi, likizo ya mwaka, na ruhusa ya kwenda zahanati ya kampuni. Kadi ile aliitunza ndani ya Kurani. Mara ya kwanza alipougua malaria akalipwa kwa siku ambazo hakubeba gunia, alidhani karani amekosea, akaenda kuuliza. Karani akamwambia, "Nenda zako, mzee, usinitie matatani."

Nasimulia haya kwa urefu kwa sababu mgawanyo ule wa bandarini ndio uliokuja kuamua mambo ya korona, miaka 65 baadaye. Likizo na matibabu vilimjia mtu aliyeandikwa. Aliyebaki nje ya daftari alibaki na tiketi ya siku 42, hata kama hakuna aliyekuwa akiiita hivyo tena.

Sheria zilizofuata nitazipitia haraka, maana kuzisoma huchosha kuliko kufua mablanketi. Oktoba 1962, kabla ya uhuru, serikali, matajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano kazini, na tangu hapo jambo kubwa la kazi nchini Kenya hujadiliwa na pande hizo tatu. Mwaka 1966 ikaja NHIF, bima ya taifa ya hospitali, ikiwalazimisha wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu kuchangia shilingi 20 kwa mwezi. Baba hakuzifikia hizo 1,000. Mwaka 1976 ikapitishwa Sheria ya Ajira, na humo mlikuwa na kifungu ambacho wanawake wa hoteli walikijua kwa moyo: mwanamke alipewa miezi miwili ya uzazi kwa mshahara kamili, lakini akiichukua, likizo yake ya mwaka ule inapotea. Yaani kunyonyesha kulihesabiwa kuwa mapumziko. Kifungu hicho kilidumu miaka 31, hadi Sheria ya Ajira ya 2007 ilipotoa miezi mitatu bila kugusa likizo ya mwaka.

Nakitaja kifungu hicho kwa sababu kinaonyesha tabia moja ya sheria zetu: likizo moja huliwa na nyingine. Tutaiona tena.

Ukimwi ulitufundisha upande wa pili. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999, lakini katika vyumba vya kubadilishia nguo tulikuwa tumeshautambua miaka kadhaa kabla. Mtu alianza kwa ruhusa za siku mbilimbili. Akaja na karatasi ya daktari, kisha nyingine. Siku za ugonjwa zikaisha, akaanza kutumia za likizo. Zikaisha nazo, akaitwa ofisini, akatoka na barua ya kustaafishwa kwa sababu za kiafya, na barua hiyo ilikuwa ndiyo hukumu, maana matibabu ya kazi yalikatika siku hiyohiyo. Wengine walificha ugonjwa wasiulizwe maswali, wakafanya shifti wakiwa hawawezi kusimama. Nilimshikia mwenzangu pasi ya mvuke miezi mingi. Yeye alikunja taulo akiwa ameketi, na msimamizi, mtu mwema, alijifanya haoni. Sheria ya mwaka 2006 ikakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya virusi, na ile ya 2007 ikarudia. Siku za ugonjwa zenyewe hazikuongezwa.

Ni ngapi? Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema: mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini apate, kwa kila miezi 12, siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari kwamba hawezi kufanya kazi. Saba na saba. Kumi na nne. Msomaji aziweke kando hizo siku.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Kenyatta aliwataka waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani inapowezekana. Shuka hazifuliwi nyumbani. Tulicheka, tukaendelea. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na kicheko kikaisha. Wageni wa mwisho walipoondoka tulifua kila kitu kilichomo hotelini, mapazia na vifuniko vya magodoro pia, tukavipanga na dawa ya nondo. Kufua kila kitu ni ishara mbaya. Hakufanywi kwa ajili ya kufunga wiki mbili tu.

Mkutano ulikuwa kwenye kantini ya wafanyakazi, viti vimetenganishwa. Barua zilikuwa tayari, kila moja na jina. Zilisema kwamba kutokana na hali iliyo nje ya uwezo wa kampuni, siku zako zote za likizo zilizobaki zitahesabiwa kuanzia kesho, na zikiisha utakuwa kwenye likizo bila malipo hadi utakapoitwa. Watu wa msimu hawakuwa na barua. Mikataba yao iliisha mwisho wa mwezi, na kutowaandikia kulitosha.

Mimi nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, nikaingia ofisini na kitabu cha sheria mkononi. Nilimwambia meneja kwamba Sheria ya Ajira haina mahali popote inapotaja likizo bila malipo. Inajua likizo ya mwaka, ya uzazi, ya baba, ya ugonjwa. Inajua kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 40, na hapo tajiri atoe notisi ya mwezi kwa chama na kwa ofisi ya leba, na alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Hili la katikati, mtu si wa kazini na si wa nje, limetoka wapi? Meneja alivua miwani. Akasema, "Bwana, nikifuata kitabu chako nawaandikia wote barua ya mwisho leo, na pesa za kuwalipa sina. Wewe ndiwe utakayewaambia?"

Hakuwa mtu mbaya, na hesabu zake hazikuwa za uongo. Nilirudi kantini nikawaambia watie sahihi, lakini chini ya sahihi kila mtu aandike kwa mkono wake: nakubali likizo hii nikiendelea kuwa mwajiriwa, na miaka yangu ya kazi isikatwe. Mama mmoja wa vyumbani, ambaye kuandika hakukuzoea, aliandika polepole sana, foleni nzima ikamngoja. Sentensi ile iliwasaidia baadhi yao miaka miwili baadaye, ilipobidi kuhesabu malipo ya kustaafu.

Wiki hiyohiyo serikali ilitangaza nafuu ya kodi: wenye mshahara wa hadi shilingi 24,000 wasikatwe kodi kabisa, na kiwango cha juu kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25. Ilikuwa nafuu nzuri kwa mwenye mshahara. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, umati wa watu waliokuwa wakirudi makwao ulipigwa na polisi na kutupiwa mabomu ya machozi kwenye kivuko cha Likoni, watu wakiwahi saa moja. Rais aliomba radhi siku chache baadaye. Wengi wa wale waliolala chini pale kivukoni walikuwa watu wa siku. Wa mwezi walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Aprili, magari yakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mei, Mji wa Kale ukafungwa.

Pande tatu za 1962 zilikutana tena mwezi Aprili. Wizara ya Kazi, shirikisho la waajiri na COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wakatia sahihi makubaliano ya kupita katika janga: watu wasifukuzwe ovyo, mambo ya likizo na mishahara yazungumzwe na kukubaliwa. Makubaliano si sheria, na kuzungumza na mtu asiye na pesa kuna kikomo. Seneti nayo iliandaa mswada wa kukabili majanga, uliotaka tajiri asimfukuze mtu wala kumlazimisha kupunguziwa mshahara, na akishindwa kabisa amruhusu akae nje bila malipo. Mswada ule haukuwa sheria. Hata hivyo, ona jambo hili la ajabu: likizo bila malipo, iliyokuwa ujanja wa masika ya pwani, ilikuwa imefika Bungeni ikiitwa ulinzi wa mfanyakazi.

Lililotuuma zaidi hatukulitarajia, nalo ni bima. Mchango wa NHIF ulikatwa kwenye mshahara. Mwenye shilingi 20,000 alikatwa 750 bila kuziona. Mshahara ukisimama, mchango unasimama, na kadi hailipi tena. Mtu aliweza kujilipia mwenyewe kama mjasiriamali, 500 kwa mwezi, rahisi kuliko alivyokatwa kazini, lakini nani alijua? Mpishi wetu mmoja mwenye kisukari alikwenda hospitali Juni, mguu umevimba. Dirishani akaambiwa kadi haisomi. Akasema isome tena, nimechangia miaka 19. Yule binti wa dirishani akaigeuza kompyuta amwonyeshe: mstari wa Machi, kisha hakuna. Mkewe alinipigia simu akiwa amesimama kwenye korido. Tulichanga, akalazwa, mguu ukapona. Kesho yake nilirudi kwa meneja, safari hii bila kitabu, na hoteli ikakubali kuwalipia wote walio kwenye likizo bila malipo, kisha iwakate watakaporudi. Hilo nalihesabu kuwa jambo bora nililowahi kulipata kwa watu wangu, na halikuandikwa popote.

Sasa zile siku 14. Katikati ya mwaka hoteli ilipokea watu waliotakiwa kukaa karantini. Walioingia vituo vya serikali hapo mwanzo walidaiwa shilingi 2,000 kwa siku, hadi serikali ilipofuta deni hilo mwezi Mei; wa hotelini walijilipia. Tuliitwa wachache. Shuka za vyumba vile zilishushwa ndani ya mifuko iliyofungwa, hazikung'utwi, zinatumbukizwa na mfuko wake, maji ya moto kabisa. Tulilala hukohuko hotelini. Kijana mmoja wa kuosha vyombo, aliyekuwa akienda nyumbani, alikuwa amepanga chumba katika nyumba moja na mtu aliyepatikana na ugonjwa. Akaambiwa asije kazini siku 14.

Ofisi ikauliza: hizi tuziandike nini? Ruhusa ya ugonjwa haiwezekani, kwa kuwa hana cheti cha daktari kwamba hawezi kufanya kazi. Yuko mzima, anakula, anacheza bao peke yake. Likizo ya mwaka ameshaimaliza Aprili. Utoro hauwezekani, amekatazwa na serikali yenyewe, chini ya Sheria ya Afya ya Umma ambayo asili yake ni ya 1921, na sheria ile inajua kumtenga mtu lakini mshahara wake si habari yake. Mwishowe wakaziandika siku za ugonjwa, kwa huruma. Saba kamili, saba nusu. Siku ya kumi na tano alirudi, mzima, akiwa amemaliza ruhusa yote ya ugonjwa ya mwaka mzima bila kuugua hata kidogo. Oktoba aliugua kweli. Hakumwambia mtu. Alimeza vidonge akaosha masufuria, barakoa imefungwa hadi machoni, na mpishi mkuu ndiye aliyemsikia akikohoa nyuma ya mvuke.

Walioandika sheria mwaka 2007 hawakuwa na nia mbaya. Waliwaza malaria na mgongo. Hata hivyo, ukizifikiria hizo siku 14, unaona kwamba mtu aliadhibiwa kwa kutii. Aliyetii karantini alipoteza kinga yake, na aliyeficha alibaki nayo. Hakuna ugonjwa wa kuambukiza unaohitaji msaada zaidi ya huo.

Binamu zangu wako Tanga, ng'ambo ya mpaka ambao sisi Wadigo tuliukuta umechorwa. Mmoja anafanya kazi kiwandani. Sheria ya Tanzania Bara ya 2004 inampa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili nusu mshahara. Nilipomweleza za kwetu aliuliza kama nimehesabu vizuri. Huko kwao mambo ya korona yalikwenda kwa njia nyingine kabisa, na hayo si ya leo. Ninachosema ni kwamba idadi ya siku huamuliwa na watu mezani, na majirani wawili wanaweza kuamua tofauti sana.

Ndege za nje zilirudi Agosti 2020, wageni polepole baada yake. Chanjo zikaanza Machi 2021, na likazuka swali dogo, siku ya kuumwa mkono na homa baada ya sindano ni ya nani. Wengi walichomwa siku ya ofu. NHIF yenyewe imeshaondoka. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa bima mpya ya afya, na tajiri haongezi kitu.

Kabla sijastaafu tulipeleka mezani kifungu kifupi cha mkataba wetu wa pamoja: siku ambazo mtu ametengwa kwa amri ya afya zilipwe, na zisihesabiwe kuwa za ugonjwa wala za likizo. Tuliomba 14. Wakili wa hoteli aliuliza ushahidi wa kutengwa utatoka wapi, tukamwonyesha barua ya afisa wa afya. Baada ya kahawa ya pili wakakubali saba, kwa walioajiriwa wa kudumu. Nikauliza juu ya watu wa msimu, waliokuwa zaidi ya nusu ya jikoni na karibu wote wa bustani. Wakasema hao watatazamwa mkataba ujao. Umeshatiwa sahihi huo mkataba ujao. Mrithi wangu aliniletea nakala nyumbani, na kifungu kile kimebaki neno kwa neno, watu wa kudumu, siku saba.